Lori Lililougua Desemba

Vijana wangu wa gereji za Sombetini, kila mkinitembelea mnaniuliza swali lile lile: Mzee Samweli, gari gani bora? Nikinyamaza mnatazamana, mnadhani mzee ameanza kupotea. Sijapotea. Nimeishi na magari tangu enzi za Mwingereza, na swali hilo mpaka leo linanichanganya kichwa. Lililonichanganya ni lori moja la Kimarekani, na leo nitawaeleza habari zake ili siku nyingine mkija mniulize habari za mgongo wangu.

Jina la kampuni iliyolitengeneza sitalitaja. Sisi magari yake yote tuliyaita Mmarekani, yawe madogo yawe malori, na kila mtu alijua tunasema nini. Historia ya kampuni hiyo nilisimuliwa mara tatu. Padre mmoja aliniambia mwanzilishi wake alikuwa mtoto wa mkulima aliyechoka kutembea nyuma ya plau. Mgiriki mwenye shamba la mkonge akasema hapana, alikuwa fundi baiskeli. Tajiri yangu, Fundi Gurdit, yeye alisema mtu huyo alifukuzwa na wenzake kwenye kampuni yake mwenyewe, wakabaki wanatumia jina lake kwenye boneti. Wote watatu waliapa. Nyinyi mna simu zinazojua kila kitu, mkipata ukweli mniletee, maana mimi nilishakata tamaa.

Gereji yetu ilikuwa mjini Arusha, karibu na Mto Themi. Fundi Gurdit alikuwa Singasinga, ndevu zake nyeupe amezifunga kwa wavu ili feni ya injini isizile. Kiingereza alikisema kidogo lakini kukisoma hakuweza. Alisoma kwa viganja. Siku yangu ya kwanza alinifunga macho kwa kitambaa chenye grisi, akaniwekea spana mezani, akaniambia nizitaje namba zake kwa kugusa. Nilikosea karibu zote, akacheka mpaka akakohoa. Alitufundisha hivi: gari likija, kwanza liguse, pili linuse, tatu lisikilize, halafu ndipo uchukue spana. Sisi vijana tulikuwa tunaanza na spana. Nyinyi siku hizi mnaanza na kompyuta, kwa hiyo msinicheke.

Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya Walutheri mpaka nikaweza kusoma Kiingereza. Katika vijana wote wa gereji, niliyekisoma nilikuwa peke yangu. Mzungu mmoja aliyekuwa fundi pale aliporudi kwao, aliniachia kitabu cha Mmarekani, kitabu kinene chenye michoro, kinaeleza mwezi kwa mwezi gari litunzwe vipi. Nilikifunika kwa karatasi ya kaki kama tulivyofunika vitabu vya nyimbo. Fundi Gurdit alinikabidhi magari yote ya Kimarekani tuliyokuwa tukiyahudumia, na mwezi wa Novemba ulipokwisha akasafiri kwenda Nairobi kumwoza binti yake. Akaniambia fuata kitabu. Nami nikakifuata neno kwa neno, mwezi kwa mwezi. Hilo la mwezi kwa mwezi lishikeni, tutalirudia.

Sasa lori lenyewe. Wakulima wa kahawa wa kule juu ya Maji ya Chai walikuwa wamejichanga wakanunua lori la Mmarekani lililobaki baada ya vita. Kabla ya hapo kahawa na ndizi zao zilishuka mlimani juu ya vichwa vya wake zao na migongo ya punda. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na koti moja. Dereva alikuwa Yona, aliyejifunza udereva jeshini, Burma. Yona ni kaka wa mke wangu Ruthi, kwa hiyo kwangu ni shemeji, na hapo ndipo kazi iliponiingilia mpaka jikoni.

Tangu Juni hadi Novemba lori lile halikuwa na neno. Mwanzoni mwa Desemba Yona alilileta gereji kwa huduma, nikalihudumia mwenyewe, kitabu kikiwa wazi juu ya tairi. Wiki ile ile likaanza kusimama. Likishuka na ndizi kwenda soko la Arusha, salama. Likipanda mchana kutoka Maji ya Chai, limebeba chumvi na mabati na watu, likifika kwenye korongo la tatu linakohoa, linakata, kimya. Watu wanashuka, wanakaa kivulini. Baada ya saa moja hivi Yona analiwasha, linawaka, linaondoka kama halikutenda kosa.

Nikaitwa. Nilipanda nao mara ya kwanza na sanduku langu la spana, na kweli kwenye korongo la tatu likazima. Nikafungua plagi, nikaona zimeingia masizi meusi, nikazisafisha moja moja kwa brashi na petroli, nikazirudisha. Likawaka mara moja. Nikawaambia wazee plagi ndizo ugonjwa. Kesho yake likazima pale pale. Nikapanda tena, nikabadilisha koili ya kutoa cheche, likawaka. Nikasema kumbe ni koili. Likazima. Nikafungua pampu ya petroli, nikaikung'uta, likawaka, nikawaambia ni pampu, sasa nimeishika.

Mnaona jambo hilo lilivyonitesa? Laiti ningeshindwa, ningetafuta msaada. Mimi nilikuwa nafaulu. Kila nilichokigusa kilikuwa ndicho, na kila kesho yake hakikuwa ndicho. Usingizi ulinikimbia. Nilikula chakula bila kujua nakula nini, Ruthi akinisemesha namjibu kuhusu kondensa ya lori.

Yona hakusoma. Yeye alikuwa na dawa yake. Alikata kipande cha shina la mgomba, akalipasua, akalifunga kwa kamba juu ya bomba dogo la petroli karibu na injini. Shina la mgomba lina maji mengi, mnajua wenyewe. Siku aliyolifunga, lori lilivuka korongo la tatu likazimia la nne. Akaniambia, "Shemeji, hili gari lina homa tu. Linataka kupoa."

Nililikata lile shina kwa kisu changu nikalitupa kwenye majani. Nikamwambia injini si shamba la ndizi, na kitabu hakikutaja mgomba mahali popote. Watu walicheka. Yona hakucheka, alifuta mikono yake akaingia kwenye usukani.

Mwisho wa Januari mikungu ya ndizi za kuiva ya mama mmoja mjane iliharibika ikilingoja lori lililozima makorongoni, na wazee wakataka jibu moja, si majibu saba. Mzee Eliakimu aliniuliza mbele ya watu: fundi, kama umetengeneza kila kitu na bado linazima, kimebaki nini? Nilikuwa nimechoka na nimeaibika. Kilichobaki ambacho sikukibadilisha kilikuwa dereva. Nikasema labda ni namna anavyokanyaga mafuta. Nilisema labda, vijana, naapa nilisema labda. Lakini neno la fundi mwenye kitabu, enzi zile, lilisikika bila labda yake. Mzee Eliakimu alimwomba Yona funguo, akazitia kwenye mfuko wa koti. Wakakubaliana kwamba watatafuta dereva mwingine mjini na watamthibitisha Jumapili ya katikati ya Februari, baada ya ibada.

Jioni ile Ruthi aliniwekea loshoro iliyopoa, maziwa yamejitenga na mahindi, akaweka bakuli chini badala ya mezani. Kaka yake alikuwa na watoto wanne, na kazi ile ndiyo heshima pekee aliyorudi nayo kutoka vitani. Niliila loshoro ile yote kwa sababu sikuona haki ya kulalamika.

Basi, Fundi Gurdit akarudi kutoka Nairobi, na katika gari lake alikuwa amempa lifti Mzungu wa kampuni, kijana mwekundu wa shingo, mwenye karatasi nyingi. Kampuni ya Mmarekani ilikuwa inataka kujua wenye magari wanasemaje juu ya magari yake. Malalamiko yalikuwa yamefika Nairobi kutoka Arusha, na Arusha peke yake. Mji wa Moshi haukuwa na tatizo. Kijana yule alikuwa na hofu, maana wakubwa wake walikuwa wanafikiri kuacha kabisa kuleta aina ile huku kwetu. Nikapewa kazi ya kuzunguka naye, nifasiri panapohitajika.

Tulianza kwa padre. Padre akasema gari ni zuri ila lina koili mbovu, jambo linalojulikana. Mgiriki wa mkonge akasema pampu za petroli za Wamarekani ni za bati la makopo. Mhindi mwenye duka la nguo akasema tatizo ni plagi, haziwezi hewa ya mlimani. Daktari wa mifugo, Mwingereza, akasema yeye haamini kondensa zao. Kijana wa kampuni aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiingereza inawezekanaje gari moja liwe na magonjwa manne tofauti katika mji mmoja.

Maneno yale yote nilikuwa nayajua. Hewa ya mlimani nilimwambia mimi yule mwenye duka. Makopo nilimwambia Mgiriki, na alicheka siku ile. Maoni yote ya wenye Mmarekani wa Arusha yalikuwa yametoka kinywani mwangu, na sasa yalikuwa yanasafiri kwenda Marekani kwenye mkoba wa ngozi. Lakini kuyajua hayo hakukunisaidia. Magari yalikuwa yanazima kweli, mimi siyazimi. Au nayazima? Nilirudi gereji kichwa kimejaa moshi.

Nilimweleza Fundi Gurdit kila kitu, pamoja na habari ya Yona. Hakunikemea. Lori la wakulima lilikuwa limeegeshwa pale uani, limeletwa pamoja na funguo zake ili dereva mpya alikague. Akaliwasha, akaliacha lingurume mchana ule wa jua, akafungua boneti. Halafu akafumba macho na kuanza kupeleka kiganja chake taratibu, hakigusi, kinapita tu juu ya vyuma. Chini ya karbureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, akaurudisha mkono ghafla. Akamwagia maji kidogo, yakachemka yakatoweka. Akainama, akachungulia upande wa bomba la moshi, akaniita.

Palikuwa na kipini kidogo cha chuma, kirefu kama kidole, chenye alama mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Kikiwa upande wa baridi, moshi wa moto wa injini unapitishwa kwanza chini ya karbureta ili kuipasha, halafu ndipo utoke. Nilikifahamu sana. Kilikuwa upande wa baridi.

"Nani amegeuza hii?"

"Mimi, fundi. Kitabu kimesema Desemba igeuzwe."

Alijikuna chini ya kilemba. Halafu akaniuliza mwanzilishi wa Mmarekani alikuwa anaishi wapi. Nikasema Marekani. Akaniuliza Desemba kule kwao kuna nini. Nilitaka kusema Krismasi. Ndipo nikaona michoro ya kitabu mbele ya macho yangu, picha niliyoipita mara mia: gari limezama theluji mpaka kwenye taa, na bwana mmoja aliyevaa makoti mawili anapasua barafu kwenye kioo.

Desemba yao ni baridi inayoua. Desemba yetu ni jua linalopasua udongo wa Sombetini. Baridi yetu ni ya Julai, wakati wa ukungu, tunapovaa masweta na kahawa haikauki kwenye vitanda vya kuanikia. Mimi Samweli, mzaliwa wa mlima huu, niliyefua mashati yangu kwa jasho siku ile ya huduma, nilichukua kila Mmarekani aliyepita mikononi mwangu nikamtia moto tumboni kwa sababu karatasi ilisema kuna baridi. Petroli ilikuwa inachemka ndani ya karbureta kabla haijafika kwenye injini. Gari likisimama linapoa. Mimi nikihangaika na plagi linapoa. Nikihangaika na koili linapoa. Ningeweza kulisomea Zaburi na lingewaka.

Mtaniuliza, Mzee, hukuhisi joto? Nililihisi. Hata wakati nageuza kile kipini nilijiuliza kidogo. Nikajijibu kwamba waliotengeneza gari wanajua kuliko mimi, na waliosema Kiingereza wanajua kuliko ngozi yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si kipini.

Fundi Gurdit alikigeuza kwa kidole kimoja. Halafu akanionyesha kipande cha kamba kilichobaki kwenye bomba la petroli, akauliza ni cha nini. Nikamweleza dawa ya Yona ya mgomba. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Huyo dereva," akasema, "ungeleta hapa, mimi nampa kazi."

Kijana wa kampuni tulimwambia. Alikuja akakitazama kipini, akatazama karatasi zake, akakiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekisoma kitabu kile tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichoandikwa mwisho kwenye ripoti yake sikijui. Kwa miaka mingi baadaye bado nilikutana na watu wakiniambia kwa uhakika kwamba Mmarekani ana pampu za makopo, na hata nilipowaeleza hawakuniamini.

Jumapili nilipanda Maji ya Chai na lori, funguo nikazirudisha kwa Mzee Eliakimu. Ibada ilipokwisha wazee waliingia darasa la shule ya kanisa, wakaketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Yona alisimama ukutani, nyuma. Nikasema shikamoo wazee, wakaitikia, nikaomba niseme kabla hawajamtaja dereva mpya. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kifundi. Yote yalinitoka. Nikasema tu kwamba lori ni zima, dereva ni mzima, na aliyeliharibu ni mimi, Desemba, kwa kufuata kitabu cha nchi yenye theluji.

Wengine hawakuelewa, Mzee Eliakimu akawaeleza kwa Kimeru, pole pole, na jinsi alivyokuwa akieleza ndivyo nilivyozidi kusikia upumbavu wangu katika lugha ya mama yangu. Alipomaliza akanigeukia.

"Siku hiyo ulipogeuza, jua lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mzee. Kali."

Hakuniuliza la pili. Alitoa funguo kwenye koti, akazishika mkononi bila kumpa mtu, akamwuliza Yona anasemaje. Nilitegemea Yona atanisema, na alikuwa na haki. Nyani haoni kundule, na mimi kundu langu lilikuwa limeonekana na darasa zima.

Yona alisema hatazichukua pale. Atazichukua kesho, saa sita mchana, Maji ya Chai, lori likiwa limejaa. Na fundi apande naye, asikae mbele kwenye kiti, akae nyuma juu ya magunia pamoja na watu, bila sanduku lake la spana na bila kitabu.

Kesho yake nilipanda nyuma. Magunia ya chumvi, mabati ya moto yasiyoshikika, kina mama na vikapu vyao, na Mzee Eliakimu mwenyewe katikati, koti limekunjwa magotini. Jua lilikuwa la kichwani. Korongo la kwanza tukalivuka. La pili. Nilikuwa nahesabu pumzi za injini. La tatu tukaliingia kwa gia ya kwanza, likapanda, likapanda, likatoka. Mama mmoja akaanza kuimba chini chini. La nne likatoka. Tulikuwa karibu tunafika juu kwenye mashamba, mahali tambarare, ndipo lori likapunguza mwendo, likatetemeka, likazima.

Hakuna aliyenitazama. Hilo lilikuwa baya kuliko kama wangenitazama. Nilishuka kutoka juu ya magunia, nikiwaza koili, pampu, kondensa, sijui nini tena, kila kitu nilichodhani nimekielewa kikanivurugika upya. Nilifika mlangoni kwa dereva. Yona alikuwa ameketi, kiwiko dirishani, funguo za lori ziko kiganjani mwake.

"Usiguse kitu, shemeji," akasema. "Safari hii nimelizima mimi."

Akanifungulia mlango wa kiti cha mbele, akaliwasha, tukaenda nyumbani kwake.